Ziwa Zuri Halilipi Kodi: Jinsi Tulivyochagua Pa Kuhamia



Wanaotufahamu pale Kiziba wanajua kwamba tangu mwisho wa Agosti 2025 hatulali tena kambini. Kila tunaporudi kusalimia, watu wanatuuliza: mmehamia wapi, mlipajuaje, mnaishije huko? Wengine wanatuvuta pembeni na kuuliza kwa sauti ndogo, maana nao wanafikiria kutoka. Wahariri wakatuomba tuandike. Basi tumekaa mume na mke usiku watoto wakishalala, tumeandika yote, hata yale ya aibu kidogo.

Nyumba yetu ni ya watu saba: sisi wawili, watoto wanne, na Mama, yaani mama mzazi wa baba. Wawili kati ya watoto wako sekondari, wawili shule ya msingi. Baba ni fundi cherehani na mashine ni ya kwetu wenyewe. Mama watoto anauza sambaza na nyanya. Hatuna mtu Ulaya wala Marekani wa kututumia pesa. Tunasema hivyo mapema ili msije mkafikiri tuna siri.

Kwa nini tulianza kufikiria

Kambi yetu ilifunguliwa Desemba 1996. Watoto wetu wote wamezaliwa pale. Lakini si mnajua yaliyotokea: tangu Mei 2021 msaada wa chakula Rwanda unatolewa kwa makundi, kufuatana na hali ya kila familia. Nyumba yetu ilihesabiwa kwamba inaweza kujitegemea, tukatolewa. Tulikasirika sana, hatufichi. Baadaye tukasema, kama tumeshaambiwa tujitegemee, afadhali tukae mahali ambapo kuna kazi.

Mwaka ule ule wa 2021 kambi ya Gihembe ilifungwa kwa sababu udongo ulikuwa unabomoka na mabonde yanakula nyumba, na wenzetu wakahamishiwa Mahama. Tulijifunza hapo kwamba hata kambi siyo mahali pa milele. Anayechagua mapema anachagua vizuri kuliko anayesubiri kuchaguliwa.

Miaka minne tuliweka pesa kidogo kidogo katika likelemba. Julai 2025 tulikuwa na faranga 240,000. Hiyo ndiyo ilikuwa nguvu yetu yote.

Uzuri una bei yake

Tulitaka kubaki upande huu wa magharibi, kando ya Ziwa Kivu. Hali ya hewa tunaizoea, Kiswahili kinasikika sokoni, na kila mgeni anayefika hapa anasimama kwanza kutazama maji na visiwa. Kumbe kitu hicho hicho kinachowafurahisha wageni ndicho kinachopandisha kodi.

Sababu zake ziko wazi. Milima inaingia moja kwa moja ziwani, kwa hiyo kiwanja cha tambarare ni kichache. Hoteli na nyumba za wageni zinagombania kiwanja hicho. Sheria ya Rwanda hairuhusu kujenga ndani ya meta 50 kutoka ukingo wa ziwa. Tena karibu na mipaka kuna wafanyabiashara na wafanyakazi wa mashirika wanaoweza kulipa kuliko sisi. Fundi cherehani anapofika kuuliza chumba, anakuta ameshatanguliwa na mtu mwenye mshahara.

Tukakubaliana kutembelea miji mitatu, kulala usiku mmoja kila mahali, na kuandika kila kitu katika daftari. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Bei tunazoandika hapa ni zile tulizotajiwa sisi kwa nyumba tulizoziona. Kwingine mtakuta nyingine.

Rubavu: mahali roho ilipotaka

Tulianza na Rubavu kwa sababu ya Mama. Yeye alizaliwa Masisi. Kwa miaka mingi amekuwa akisema, kama ataondoka kambini, aende mahali ambapo anaweza kuuona mlima Nyiragongo asubuhi akifungua mlango. Tukaenda naye.

Mji ni mzuri, hatuwezi kukataa. Kuna ufuko, kuna miti mirefu, kuna kiwanda cha bia, na pale Nyamyumba kuna maji ya moto yanayotoka ardhini. Kazi ipo. Mpaka wa Goma uko hapo hapo mjini, na kwa mguu watu wengi sana wamezoea kupita na mizigo yao. Fundi mzuri hawezi kukosa wateja.

Chumba na sebule, mwendo mfupi kutoka soko la mpakani: faranga 60,000 kwa mwezi, na mwenye nyumba alitaka miezi mitatu mbele. Tulipiga hesabu hapo hapo barabarani: 180,000. Tungebaki na 60,000 kwa watu saba.

Kisha tulianza kuuliza majirani, siyo mwenye nyumba. Mmoja alituonyesha ufa kwenye ukuta wake. Nyiragongo ulipolipuka Mei 22, 2021, matetemeko yaliyofuata yalipasua nyumba nyingi za mji huo. Mwingine alitusimulia usiku wa Mei 2 kuamkia Mei 3, 2023, mto Sebeya ulipofurika. Mafuriko na maporomoko ya usiku ule yaliua zaidi ya watu 130 katika nchi, wengi wao wa mkoa huu wetu. Tena kuna Januari 2025, vita vilipofika Goma. Mabomu yalivuka mpaka na watu wakafa upande wa Rubavu.

Jioni tulikaa na Mama tukitazama mlima. Mume akamwambia, "Mama, hapa tungekuwa karibu na nyumbani." Mama alinyamaza sana. Halafu akasema, "Wanangu, mimi nilikimbia 1993, nikakimbia tena 1996. Mara zote mbili nilikimbia bure. Sasa nilipe kodi ili nilale karibu na kile nilichokikimbia?"

Hatukumjibu kitu. Tulikuwa tumefikiri kazi itakuwa kumshawishi aache Rubavu, kumbe yeye ndiye aliyetutoa pale. Asubuhi aliuangalia mlima tena, akapanda gari.

Rusizi: bei nafuu kidogo, na mpaka mlangoni

Safari ya pili tulishuka kusini kwa barabara ya lami inayofuata ziwa, kupita Nyamasheke na mashamba yake ya chai na kahawa, mpaka Kamembe. Bukavu unaiona ng'ambo kama unaweza kuigusa. Kiswahili pale ni cha kila siku, Mama alifurahi kuzungumza na wauzaji bila mkalimani.

Chumba na sebule Kamembe: 45,000, miezi mitatu mbele. Inakuwa 135,000, tunabaki na 105,000. Ni nafuu kuliko Rubavu, lakini tulijiuliza maswali mawili.

La kwanza ni mpaka. Biashara nyingi ya Kamembe inasimama juu ya Bukavu. Vita vilipofika Bukavu Februari 2025, wenye vibanda waliona jinsi wateja wanavyoweza kupotea siku moja. Halafu mkimbizi anayevuka mara kwa mara kurudi katika nchi aliyoikimbia anaweza kuulizwa maswali kuhusu hadhi yake. Tunawashauri sana: kabla ya kujenga maisha yenu juu ya kuvuka mpaka, ulizeni ofisi inayoshughulikia wakimbizi, msisikilize maneno ya kijiweni.

La pili, ili kupata bei ya chini zaidi tuliambiwa twende Bugarama, bondeni kwenye mpunga. Kodi kweli inashuka. Lakini kule ni joto, na malaria ni nyingi kuliko milimani. Mtoto wetu wa mwisho alishaugua malaria kali mara moja. Hapo hatukubishana hata dakika tano.

Tena eneo lile nalo lina historia ya matetemeko. Lile la Februari 3, 2008 liliua watu Rusizi, Nyamasheke na Bukavu. Hatusemi hivyo kumtisha mtu, maana ukanda wote wa Kivu unatikisika. Tunasema tu: kokote uendako angalia kuta kabla ya kuangalia madirisha.

Karongi mjini: nyumba iliyotaka kutudanganya

Karongi, ile ya zamani Kibuye, ndio mji wetu wa siku zote. Tunaujua, tumeshuka huko mara mia. Hospitali kubwa ya rufaa iko pale, na kwa Mama mwenye presha hilo ni jambo zito. Chumba na sebule: 50,000, miezi miwili mbele. Tungebaki na 140,000.

Hapo ndipo tulipotaka kufanya kosa. Mtu mmoja alituonyesha kinyumba kizuri chini ya barabara, karibu sana na maji, kwa 20,000 tu kwa mwezi. Mama watoto alishaanza kupanga ndoo za sambaza zitakaa wapi. Watoto wakipiga kelele kwamba wataoga ziwani kila siku. Tulikuwa tumeshatoa pesa mfukoni.

Jirani mmoja mzee alituita akatuuliza, "Mmepima ni hatua ngapi mpaka majini?" Tukapima. Hatua thelathini. Nyumba ilikuwa ndani ya zile meta 50, tena kwenye mteremko mkali, ile sehemu ambayo huku watu wanaiita manegeka. Nyumba za mahali kama hapo wakazi wanaweza kuambiwa waondoke, na mvua kubwa ikija yenyewe haitoi taarifa. Bei ilikuwa ndogo kwa sababu mwenye nyumba alijua. Pesa ikarudi mfukoni.

Rubengera: mahali ambapo hatukuwa tumepaandika

Rubengera hatukuiweka katika safari zetu. Ni senta ya biashara juu ya mji wa Karongi, pale barabara ya kutoka Kigali inapokutana na ile ya kwenda Rutsiro na Rubavu. Tulisimama kununua maji tu. Lakini ilikuwa siku ya soko, na mume akaanza kuhesabu mafundi cherehani. Aliwahesabu, akahesabu watu waliopanga foleni mbele yao, akakaa kimya. Sisi tunaomjua tunajua ukimya ule maana yake nini.

Tulirudi wiki iliyofuata tukalala kwa mama mmoja tuliyewahi kukaa naye kambini. Ziwa hulioni kutoka dirishani. Hakuna ufuko, hakuna hoteli kubwa za watalii. Kuna soko, kuna magari ya pande tatu, kuna shule zinazohitaji sare, na watoto wanafika shule kwa mguu. Vyumba viwili vya matofali na bomba la maji uani: 25,000, miezi miwili mbele. Inakuwa 50,000. Tunabaki na 190,000.

Hospitali ya Karongi unaifikia kwa gari bila safari ndefu. Mama alikagua choo, akakagua paa, akasema, "Hapa pana upepo mzuri." Kwake hiyo ni sifa kubwa.

Hesabu ya mwezi mbaya

Sasa tuwaeleze kipimo kilichotusaidia kuamua, maana hiki ndicho tunachotaka mkichukue.

Watu wengi wanapotaka kuhama wanauliza, "Mwezi mzuri nitapata kiasi gani?" Sisi tuliuliza kinyume chake: mwezi mbaya, ambao mashine imeharibika na mtoto anaumwa, tutakula mara ngapi? Tulihesabu kwamba chakula, makaa, sabuni na akiba ya shule vinataka 80,000 kwa mwezi kwa watu saba. Tukatazama pesa inayobaki baada ya kulipa kodi ya mbele:

Rubavu inabaki 60,000. Haifiki hata mwezi mmoja.
Rusizi inabaki 105,000. Mwezi mmoja na siku kadhaa.
Karongi mjini inabaki 140,000. Karibu miezi miwili.
Rubengera inabaki 190,000. Miezi miwili na zaidi.

Mtu atasema Rubavu tungepata wateja wengi zaidi. Inawezekana kabisa. Lakini wateja hao hawako mkononi siku ya kwanza. Kodi ya mbele inatoka leo, mteja anakuja kesho au keshokutwa.

Shule haikutofautisha miji, na hilo msilisahau. Tangu Septemba 2022 serikali ilipanga mchango wa mzazi katika shule za umma: faranga 975 kwa muhula shule ya msingi, na 19,500 kwa sekondari ya kutwa. Kwa watoto wetu wanne inafika 40,950 kwa muhula. Kipimo hicho hakibadiliki ukiwa Rubavu au Rubengera. Kinachobadilika ni umbali. Mtoto anayehitaji nauli kila siku atakula kodi nyingine.

Mwezi mbaya ulikuja kweli

Tulihama mwisho wa Agosti ili watoto waanze mwaka wa shule Septemba. Gari la vitu na mituweli ya watu saba vilichukua 60,000, tukabaki na 130,000. Septemba ilikuwa nzuri kwa sababu ya sare za shule. Oktoba tulifika mwisho wa mwezi bila deni na bila akiba mpya.

Novemba mvua ilinyesha bila kupumzika, soko likawa tope, na chuma kimoja cha mashine kikavunjika. Mume alipata 31,000 mwezi mzima. Mama watoto alipata 20,000. Kodi na matumizi vilitaka 105,000. Tulichota 54,000 katika akiba. Tulibaki na 76,000 na tulilala tumekula.

Ile usiku tulifungua daftari tukatazama ukurasa wa Rubavu. Kama tungechagua kule, pesa ya gari na mituweli ingemaliza zile 60,000 zote kabla hata ya kuwasha jiko. Novemba ingetukuta tunaomba.

Hatutaki mfikiri kila kitu ni sawa. Binti yetu mkubwa alilia wiki mbili kwa ajili ya rafiki zake. Mama alipoteza kwaya yake na wazee wenzake wa kukaa nao kivulini. Kambini mgonjwa alitembea mpaka kituo cha afya cha kambi. Huku bila mituweli ni shida, na lazima ilipiwe watu wote wa nyumba. Tena jirani wa kambini anajua historia yako, huku unaanza kujitambulisha upya.

Mambo ya kufanya kabla ya kubeba godoro

Kwanza, nendeni ofisi ya kambi mkaulize kwa wazi: ruhusa ya kuhama inapatikanaje, vitambulisho vyenu vitabadilishwa anwani namna gani, na ni msaada gani mtaupoteza. Msitoke kimya kimya. Sisi tulipewa majibu ambayo hatukuyapenda yote, lakini tuliyajua mapema.

Pili, laleni usiku mmoja pale mnapotaka kuhamia, ikiwezekana wakati wa mvua. Nyumba ya mchana na nyumba ya usiku siyo moja.

Tatu, ulizeni majirani watatu mambo matatu: maji yanakatika mara ngapi, mvua kubwa inapita wapi, na mpangaji wa mwisho aliondoka kwa nini.

Nne, pimeni hatua kutoka ziwani na mtoni, na angalieni mteremko juu ya nyumba, siyo chini yake tu.

Tano, mkataba uandikwe na kila malipo yaandikwe. Ulizeni umeme ni wa mita yenu au mnachangia na nyumba nyingine. Mkifika, nendeni kwa kiongozi wa mudugudu mjiandikishe siku za kwanza.

Sita, wazee waende kuona pamoja nanyi. Sisi tulifikiri tunampeleka Mama kumfurahisha, kumbe ndiye aliyeona kabla yetu.

Mwisho

Asubuhi, gari la kwanza kutoka Karongi linaleta mabeseni ya sambaza. Mama watoto ananunua, Mama anachambua uani huku akilalamika kwamba ni wadogo kuliko wa zamani. Jumapili mchana, kama hakuna ukungu, anapanda na wajukuu kilimani nyuma ya soko mpaka mahali ambapo ziwa linaonekana kwa mbali. Wanalitazama, wanashuka. Hakuna anayewadai kitu.

Wenzetu mnaofikiria kuhama, msione haya kuuliza. Mkifika Rubengera siku ya soko, ulizieni fundi wa Kiziba. Mtapata chai na mahali pa kulala usiku mmoja, halafu mtaamua wenyewe.